Rangi ya Kucha kwenye Gia ya Taimingi

Miaka yote niliyofanya kazi gereji pale Voi, mfukoni mwa ovaroli yangu kulikuwa na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, na sijapata kupaka kucha zangu hata siku moja. Nawaambia mapema ili tusisumbuane. Wateja wakikiona walicheka, "Ala, kumbe fundi ni mwanamke kweli!" kana kwamba walikuwa wakisubiri ushahidi. Niliwaacha wacheke. Mteja anayecheka hakuulizi mbona gari lake halijaisha.

Rangi yenyewe haikuwa wazo langu. Ilikuwa ya Mzee Salimu, mtu wa Taveta, ndiye aliyenifundisha kazi. Alikwenda mwenyewe sokoni, na kofia yake kichwani, akawa anajaribu rangi moja moja kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha anaisugua kwa tambara la oili aone kama inatoka. Mama muuza urembo akashindwa kuvumilia. Akamuuliza, "Mzee, unanunulia mke mkubwa au mdogo?"

"Nanunulia injini," akasema Mzee Salimu, na hakucheka.

Sasa nyinyi mnaoanza, mliotoka chuo juzi na ovaroli zenu bado zina mikunjo ya dukani, nitawaeleza rangi ile ilikuwa ya nini. Lakini kwanza lazima mjue ndani ya injini mna nini, maana nimeona vijana wanaojua kuchomeka kompyuta kwenye gari na hawajui kompyuta inawaambia habari za nani.

Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda. Juu yake kuna valvu. Hizi zinafunguka kuingiza hewa na petroli, zile zinafunguka kutoa moshi, na zikifunguka zinashukia humo humo pistoni inamopanda. Chumba ni kimoja. Pistoni ikifika juu, valvu inatakiwa iwe imeshaondoka njiani. Anayezisukuma valvu ni kamshafti, na kamshafti inazungushwa kutoka chini na krenki, ule mhimili unaozipandisha na kuzishusha pistoni, kwa mkanda wenye meno, au kwa cheni, au gia kwa gia. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti imezunguka mara moja. Hiyo ndiyo taimingi. Mkishaielewa hiyo, mengine ni spana tu.

Mimi niliielewa kwa sababu ya mama yangu. Kule kwetu Bura alikuwa akitwanga mahindi na jirani yetu, kinu kimoja, michi miwili. Mchi wa huyu ukishuka, wa yule uko juu. Hawakuwa wakitazamana, tena walikuwa wakisengenya watu huku wanatwanga, na michi haikugongana. Nilipomwambia Mzee Salimu kwamba injini naiona kama kinu cha mama, alipangusa mikono, akasema, "Basi binti, taimingi umeinyonya na maziwa. Lililobaki ni kujua kushika spana."

Nilifurahi wiki nzima. Mzee yule sifa alikuwa akizitoa kwa kijiko.

Mkanda ukikatika, au mkiufunga vibaya kwa meno mengi, michi inagongana. Pistoni inapanda, inaikuta valvu bado imetoka, na valvu ndiyo inayopinda. Kulikuwa na mwenzetu akiitwa Kilonzo, mtu mwenye nguvu na mwenye haraka, na hivyo viwili havikai vizuri kwa fundi mmoja. Alifunga mkanda, akaanza kuizungusha injini kwa mkono kama tulivyofunzwa, injini ikakwama. Badala ya kujiuliza, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu zaidi. Tukasikia mlio mdogo tu, tik, kama kijiti kinavunjika. Mzee Salimu aliusikia kutoka upande wa pili wa gereji akiwa anakunywa chai.

Hakumtukana. Alingoja hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ifunguliwe, akachukua valvu moja iliyopinda, akaipigilia ukutani kwa misumari miwili, akasema, "Kilonzo, koti lako litakuwa likitundikwa hapa." Ndivyo ilivyokuwa desturi ya gereji yetu. Kila aliyepinda valvu alitundika koti lake kwenye valvu yake. Ukiingia asubuhi ukaona ukuta umejaa makoti, ujue hapa pamefunzwa watu. Kilonzo baadaye alikuja kuwa fundi wa kuaminika sana, na siku anahamia Machakos aliomba apewe valvu yake aende nayo.

"Injini haitishwi," Mzee alituambia siku ile. "Ikikataa, iulizeni kisa chake."

Njia yake ilikuwa hii, na muishike hata kama gari lenu lina kompyuta tatu. Kabla ya kutoa mkanda, ulete injini kwenye alama zake za kiwandani, ule mkato mdogo ulio kwenye gia ya juu, ya kamshafti, na ule wa gia ya chini, ya krenki. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ingiza spoku ya baiskeli polepole, zungusha krenki kwa mkono huku umeishika spoku kwa vidole viwili. Spoku itapanda, itapanda, halafu itasimama kabla ya kuanza kushuka. Ikisimama, pistoni iko juu kabisa, na hapo hakuna alama inayoweza kukudanganya. Hakikisha pia kamshafti haijabaki nyuma mzunguko mmoja wa krenki. Ukishaona alama zimekubaliana na spoku, ndipo unapaka rangi, nukta juu, nukta chini, ili utakaporudisha mkanda macho yasihangaike kwenye grisi na vumbi letu jekundu la Voi. Ukimaliza kufunga, pindua mkanda kwa vidole katikati ya gia mbili. Ukipinduka robo, umekaza sawa. Ukipinduka zaidi umelegea, na ukigoma kabisa umeukaza kama unafunga mzigo wa kuni. Halafu zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla hujagusa ufunguo.

Rangi ile ilipata jina. Gari likifunguliwa likaonekana na nukta nyekundu, mafundi walisema, "Hii imepita kwa Salimu," na walifunga mkanda kwa kufuata nukta bila kuuliza zaidi. Mimi nilijivuna. Nilidhani hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote anayoweza kupata fundi, kuaminiwa na watu ambao hata hawajakuona.

Mzee Salimu alishafariki, Mungu amrehemu. Mimi nilistaafu, nikarudi Bura kwa kabichi zangu na karoti, na kichupa kikabaki kwenye kabati pamoja na vitu ambavyo mtu havitumii wala havitupi. Ndipo Wakesho akanipigia simu.

Wakesho ndiye wa mwisho niliyemfundisha. Amepita chuo cha ufundi, ana cheti chake, na sasa ana gereji yake mwenyewe nyuma ya soko pale Voi. Ana mdomo. Sikumfundisha mdomo, alikuja nao.

"Mama, hebu shuka Voi. Kuna pikapu hapa iko na rangi ya Mzee, na mimi siielewi."

Nikashuka. Pikapu yenyewe nilikuwa naifahamu kwa kuiona tu barabarani, maana ilikuwa ikitengenezwa gereji nyingine. Ilikuwa ya Mwakio wa Wusi, mzee mmoja mpole anayebeba mboga za majirani zake kuzileta soko la Voi na kuwarudisha juu na mahitaji yao. Kila mtu wa njia ile aliijua kwa jambo moja. Haikuwa na nguvu ya kupanda. Ukishapita Mwatate, barabara inaanza kujikunja mlimani, na kuna kona moja kali ambapo Mwakio alikuwa akisimamisha gari na abiria wote wanashuka, wanapanda kwa miguu, gari linatangulia na magunia tu, wanalikuta juu limewangoja. Ilikuwa hivyo tangu alipoinunua kwa mtu. Watu wakaipa kona ile jina la Shukeni. Walizoea hata wakaipenda. Mambo ya harusi, ya mashamba, ya kwaya, yote yalizungumzwa pale kwa miguu.

Safari hii mkanda ulikuwa umekatika hapo hapo Shukeni, na valvu zikapinda. Wakesho alikuwa ameshafungua hedi, ameweka valvu mpya na kuzisaga vizuri, pistoni amezikagua, zote nzima. Mwakio alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki kivulini, kofia mapajani.

"Fundi," akaniambia baada ya salamu, "mimi nimechoka na hii gari. Watu wa vyuma chakavu wanakuja Jumamosi. Nimewaambia wakuje baada ya soko. Ikipanda na watu, nitawarudisha. Isipopanda, wabebe."

"Kwa nini hukuiuza zamani?"

"Mghoi alikataa." Mghoi alikuwa mkewe, naye alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Mwakio aliigeuza kofia mkononi. "Alikuwa wa kwanza kushuka pale kwa kona. Alikuwa anasema mke wa dereva akibaki ndani, wengine wataona haya kushuka ama watakasirika. Hata miguu ilipoanza kuvimba alikuwa anashuka tu. Nikimwambia kaa, anasema gari imezeeka, tuisaidie."

Nikamfuata Wakesho kwenye injini.

Zilikuwepo. Nukta nyekundu juu, nukta nyekundu chini, rangi ileile. Moyo wangu ulifurahi kama nimekutana na Mzee mwenyewe. Nikamwambia Wakesho afunge mkanda kwa nukta, tunywe chai.

"Hapana, Mama. Angalia hapa." Alikuwa amesugua gia ya juu kwa brashi na petroli, na chini ya uchafu, jino moja pembeni ya nukta, kulikuwa na mkato mdogo wa kiwandani. "Rangi inasema hapa. Kiwanda kinasema hapa. Nikifuata rangi, kamshafti inachelewa jino moja."

"Mzee Salimu hakosei jino."

"Sijasema amekosea."

"Umesema nini basi? Mimi nimekaa chini ya mzee yule tangu hujazaliwa. Sikio halipiti kichwa, Wakesho." Nilisema kwa sauti, na Mwakio akainua macho kule kivulini. Nilikuwa nimekasirika kweli. Niliona kama ananiambia kaburi la mtu halikuchimbwa sawa.

Wakesho hakupandisha sauti. Alinipa brashi mkononi, akasema, "Mama, kama ni ya Mzee, itakubali kuangaliwa."

Tulijaribu kwanza kwa rangi. Akavika mkanda, nikazungusha kwa mkono, mizunguko miwili, laini kabisa, hakuna kilichogonga. Nikamtazama kwa ushindi. Lakini yeye alitikisa kichwa, na alikuwa na haki, kwa maana jino moja kwenye injini ile halitoshi kugonganisha kitu. Injini itawaka. Itanguruma. Itakwenda sokoni kwenye tambarare bila neno. Ila valvu zitakuwa zinachelewa kidogo kila mara, na siku ya mlima ndipo utakapojua.

"Spoku iko wapi?" nikauliza.

Akatabasamu. Alikuwa ameshaiandaa juu ya beseni la spana, amenyoosha ncha yake. Nikaingiza kwenye tundu la plagi, nikaishika kwa vidole viwili kama nilivyofunzwa, yeye akazungusha krenki taratibu. Ikapanda. Ikasimama. Mkato wa chini ukawa umekaa sawasawa mbele ya alama yake, na juu ule mkato wa kiwanda haukuwa mahali pake. Nukta nyekundu ndiyo iliyokaa pale, nzuri, inang'aa, na imekosea.

Nilikaa chini. Njia ya Mzee ilikuwa inaikana rangi ya Mzee, na mimi nikiwa katikati.

Hadi leo sijui nukta ile ilikuwa ya nani. Rangi ya kucha inauzwa kwa kila mtu. Nadhani kuna fundi aliyefungua injini wakati mkanda ulikuwa umeshalegea na kuruka jino, akapaka alama kama alivyokuta, kwa rangi nyekundu kwa sababu nyekundu ndiyo iliyokuwa na jina. Wa pili akaona nyekundu akaamini. Wa tatu naye hivyo hivyo. Kila mkanda mpya ulivikwa juu ya kosa lile lile kwa adabu kubwa, na kila fundi akamwambia Mwakio kwamba gari limezeeka. Kama pikapu ile ingeletwa kwetu, nami ningefuata nukta na kunywa chai yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakesho akaniuliza, "Nifute?"

"Futa," nikasema. Aliifuta kwa wembe na mimi nikatazama pembeni. Kisha nikatoa kichupa changu mfukoni, maana nilikuwa nimekibeba, na rangi ilikuwa nzito kama uji lakini bado ilishika. Nilitaka nipake mimi. Nikabadili mawazo, nikampa yeye. Mkono wake ulikuwa imara kuliko wangu. Baada ya hapo akapigilia valvu moja iliyopinda ukutani mwa gereji yake, bila koti, kwa kuwa hakuna aliyestahili kulitundika. Nilicheka mpaka machozi.

Jumamosi soko lilipovunjika, abiria wa Mwakio walipanda kama kawaida yao. Wakesho alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma juu ya gunia la unga, kati ya mama mmoja aliyebeba vifaranga na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa na habari ndefu ya mpaka wa shamba lake. Tulipita Mwatate, barabara ikaanza kujikunja. Nilikuwa nasikiliza injini tu. Jamani, vijana, kuna sauti ya injini iliyo kwenye taimingi yake, inavuta bila kulalamika, na mtu aliyeizoea kazi anaisikia tumboni kabla ya masikio.

Tulipokaribia Shukeni watu wote wakasimama. Hakuna aliyewaambia. Walikusanya vikapu, mama akafunika vifaranga, mzee wa kanisa akaweka mguu mmoja juu ya ubao wa nyuma. Pikapu ikapunguza mwendo kwa mazoea, na nikamsikia Wakesho kule mbele, "Usisimame, baba. Weka ya pili, endelea. Endelea!"

Ikaenda. Ilipita kona na watu wamesimama ndani, wameshikana mabega. Nusu ya mlima mtu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, na mzee wa kanisa akalalamika kwa uchungu wa kweli, "Sasa habari zetu tutamaliza wapi?"

Juu, pale alipozoea kuwangoja, Mwakio alisimama. Hapakuwa na wa kungojwa. Alizima gari, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Nilishuka nikaenda dirishani kwake nikidhani kuna kasoro.

"Ilikuwa na nguvu siku zote," akasema.

"Siku zote, Mwakio."

"Mghoi angepanda amekaa."

Akalia. Nami nililia, na Wakesho, mwenye mdomo wake wote, aligeuka akatazama milima. Sikumwambia kwamba ni kazi ya Mungu, wala kwamba yamepita. Ilikuwa kazi ya mafundi, na hayakuwa yamepita.

Watu wa vyuma chakavu walimkuta kwake jioni ile. Aliwapa zile valvu nyingine zilizopinda, wakaondoka nazo kwenye mfuko wa unga.

Mtakutana na rangi za watu wengi kwenye injini, nyekundu, nyeupe, na nyingine zina majina makubwa. Ziamkieni kwa heshima, kisha chukueni brashi. Mtakutana pia na magari ambayo kila mtu amekubaliana kuwa yamechoka. Msikubali haraka. Wanasema kesho magari yote yatakuwa ya umeme na hayatakuwa na kamshafti kabisa. Sawa, yaje, Wakesho ameshaanza kusomea hayo, na nina hakika huko nako atapata nukta ya mtu ya kufuta.

Mwezi uliopita nilishuka Voi tena nikapanda na Mwakio kurudi. Kiti cha mbele sasa hakipewi kijana. Anawawekea wenye miguu mibovu. Siku ile alikuwa amekaa mama mmoja mwenye fimbo, mgeni wa njia hiyo, lakini jina la kona alikuwa amelisikia. Tulipofika Shukeni akaanza kutafuta mlango kwa mkono.

Mwakio akabadili gia. "Kaa tu, mama," akamwambia. "Hapa hatushuki tena."